Sakafu ya Magurudumu

Kilichomtibua nyongo mzee Namfamo kwanza hakikuwa sakafu, kilikuwa harufu. Mchuzi wa samaki waliovundishwa, ule ambao watu wa mji wa Thysdrus humwagia kila kitu mpaka mayai, ulikuwa umegandia ubao wa kuchorea, na nzi wameukalia kama wamealikwa. Shemeji yake Idibali alikuwa ameufanya sinia.

Walikuwa wakitandaza sakafu ya ukumbi wa kulia wa Rogatiano, tajiri wa mafuta ya zeituni. Namfamo alianzia ukuta wa mashariki, Idibali wa magharibi, kila mmoja na ubao wake uliotobolewa gurudumu la mabawa manne yaliyopinda kulia. Unaulaza juu ya chokaa mbichi, unachora kupitia matundu, unapanga vijiwe vya rangi, unafunika kwa mikeka yenye maji. Uuzungushe robo, uuzungushe nusu, gurudumu ni lilelile. Lakini uupindue kifudifudi, mabawa yanageuka kushoto, na hata uuzungushe mpaka kesho hayarudi kulia. Namfamo hakusoma popote. Hilo alilijua kwa magoti.

Siku walipokutana na mikeka ikaondolewa, aliona magurudumu ya shemeji yake yote yanakwenda kushoto.

"Ulilaza upande gani?"

"Ule msafi," Idibali akajibu, akijifuta kidevu.

Namfamo alimtazama kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. Akasema zing'olewe safu zake zote nane. Hiyo ilikuwa kazi ya siku kumi, na harusi ya binti wa Rogatiano ilikuwa baada ya tano. Tajiri akaja, mkononi paja la kuku, mafuta yakimchirizika mpaka kiwiko. Akaonya kuwa sakafu isipokuwa tayari, ile ya hamamu ya mji, ambayo Namfamo aliitamani maisha yake yote, atawapa mafundi wa mji jirani wa Hadrumeto.

"Huku wageni watatupa mifupa na kutapika," akasema. "Unataka watapike kwa mpangilio, mzee wangu?"

Akacheka, akaudondosha mfupa palepale juu ya vijiwe, akaenda zake.

Idibali akauokota mfupa. "Shemeji, tia ukanda mnyoofu katikati. Yangu yatazamane na yako, kama mtu na kioo. Nani atajua ni kosa?"

Namfamo alitaka kumtukana, akajikuta anahesabu. Lilikuwa wazo zuri, na hilo ndilo lililomchefua zaidi. Ila kioo hakikubali hila: kisipokaa katikati kabisa, upande mmoja unabaki na safu zisizo na mwenzake upande wa pili. Idibali alikuwa na safu nane. Yeye alikuwa na kumi na moja. Ili kosa la yule lipate mwenzi, ilibidi yeye ang'oe safu tatu zake, zilizonyooka, ambazo hazikumkosea mtu.

Akachukua patasi. Idibali aliponyoosha mkono kusaidia, akaambiwa akanawe kwanza. Alipotoka kunawa alikuta safu moja imekwisha, na mzee anasaga meno, vijiwe vinaruka. Siku nne walijaza pengo hilo ukanda wa majani ya mzeituni, bila kuongea zaidi ya "lete chokaa."

Asubuhi ya harusi, kabla vitanda vya wageni kujilaza wakila havijaingizwa, Rogatiano alisimama mlangoni akasahau kutafuna. Akaagiza jina la fundi liandikwe kizingitini. Idibali akainamisha macho, mara ya kwanza tangu amwoe dada mtu.

"Andika lake," Namfamo akasema. "Ndiye aliyepata wazo."

Kisha akabaki peke yake. Akakagua kila bawa, akitafuta mahali pa kuchukia. Kulia kulijibu kushoto, kushoto kulijibu kulia, na sakafu nzima ilikuwa kama inavuta pumzi. Kwa miaka thelathini magurudumu yake yalizunguka upande mmoja tu, safi, sahihi, na hakuna hata sakafu moja iliyofikia hii.

Akatoka uani akatema mate. Kisha akatema tena, kwa kuwa alikuwa anafikiria atakavyoipanga ile ya hamamu, na kichwani mwake, katikati, alikuwa ameshaweka ukanda.