Keki ya Vyombo Viwili

Mdogo wangu wa kiume aliponiletea binti yake likizo ile, nilimwambia aende akalale usingizi wake, kazi imepata fundi. Mimi huoka keki za kuuza, na sidhani kuna somo la darasani ambalo sijalikuta kati ya duka na oveni.

"Dada, mtihani wa hesabu anaurudisha mweupe," alisema. "Si kwamba hajui. Hajibu tu."

Zamani tulimwita Chiriku, maana alikuwa hafungi mdomo. Kisha siku moja akakosea jibu mbele ya darasa, wenzake wakaangua kicheko, na tangu hapo hata majibu anayoyajua akawa anayameza. Baba yake alikuwa ameshamtafutia tuisheni kwa mwalimu anayesifika kwa fimbo. Tukakubaliana: siku ya mwisho ya likizo atakuja kula keki, na atamwuliza mtoto swali moja la hesabu. Akijibu, tuisheni hakuna. Akinyamaza, Jumatatu yuko mikononi mwa mwalimu yule.

Nikaanza kazi. Dukani nilimkabidhi kikapu achague mwenyewe. Alisoma tarehe kwenye paketi za siagi, akalinganisha mfuko mkubwa wa unga na mdogo, akataka kujua mdalasini ni gome la mti gani na unatoka wapi. Nyumbani tulipunguza keki ya mayai sita ikawa ya manne, na unga, sukari na siagi navyo vikashuka hadi theluthi mbili, bila karatasi wala kalamu. Keki moja tuliitoa mapema kwa makusudi, aone inavyobonyea katikati kabla haijakaza. Mwanzoni alikuwa akinong'ona. Baadaye akawa ananigombeza nikidondosha ganda la yai kwenye bakuli. Nilifurahi mpaka nikavimba kichwa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya swali la baba yake niliamua keki iwe mbili, moja aondoke nayo yeye. Chombo changu cha kuokea ni cha duara, upana wake shibiri mbili za mtoto. Dukani nikachagua viwili vya shibiri moja moja, kina kilekile. Nusu na nusu, mambo yamekwisha.

"Shangazi, havitatosha," alisema, huku ametandaza kiganja juu ya kimoja.

"Mama wee! Nimeanza kuoka baba yako hajui hata kufunga kamba za viatu. Tia kikapuni."

Mwenye duka akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini mtoto alinitazama, kisha akatazama chini. Njia nzima hakutoa neno. Niliona, nikajifanya sikuona, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu hupenda kuwa sahihi.

Nyumbani nilimimina rojo la keki mpaka usawa ninaojaza siku zote, na bakuli bado lilikuwa na nusu yake. Nikaongeza vijiko vingine kwa ukaidi tu. Nikaviingiza kwenye oveni. Haukupita muda rojo likafurika, likadondokea chini ya oveni, na moshi ukatanda jikoni. Mdogo wangu naye huyo mlangoni, anakohoa.

"Dada, hii ndiyo hesabu yenyewe?"

Ulimi uliniwasha, nikauuma. Nikavitoa vyombo kwa kitambaa, nikamweleza nilivyopima. Akamgeukia mwanawe.

"Haya, swali langu ndilo hilo. Vyombo viwili, kila kimoja nusu ya upana wa kile kikubwa. Kwa nini havikutosha?"

Mtoto alinitazama mimi, si yeye. Nikaelewa, na ikanichoma. Jibu alikuwa nalo tangu dukani. Alichoogopa ni kwamba nitamkata kauli tena, mimi niliyejigamba kumfungua mdomo.

"Mwambie, mwanangu," nikasema. "Uliniambia mapema nikakupuuza. Nimekosea mimi. Nisamehe."

Akaniomba niviweke vyote viwili ndani ya chombo kikubwa. Vikaingia, vikabanana ukingo hadi ukingo, na pande mbili yakabaki mapengo mapana.

"Huku vinatosha," alisema, akapitisha kidole kushoto kwenda kulia. "Lakini kikubwa kimezidi na huku pia." Kidole kikatoka mbele kwenda nyuma. "Mara mbili huku, mara mbili huku. Vilihitajika vinne. Ndiyo maana bakuli lilibaki na nusu."

Sauti yake haikutetemeka. Mdogo wangu aliinama akayakagua yale mapengo, akakagua bakuli, midomo inacheza.

"Na kikubwa kingekuwa cha shibiri tatu?"

"Tisa. Baba, hiyo rahisi."

Mdogo wangu akatoa simu, akaenda dirishani kwenye hewa. "Mwalimu, samahani. Ile nafasi mpe mtoto mwingine."

Nililia waziwazi, wala sikusingizia moshi. Binti wa watu hakuwa na habari nasi. Alikuwa ameshafunika bakuli, na sasa anamtundikia baba yake kikapu mkononi.

"Twendeni kabla duka halijafungwa," alisema. "Tunataka viwili vingine, na safari hii napima mimi."