Pingili ya Kumi na Mbili

Bi Namsifu, mtunza maabara, analaza kichwa juu ya meza ya maabara kwa dakika tano tu, hivyo ndivyo anavyojidanganya, na hata shavu halijapoa vizuri kwenye ubao meza inaanza kurefuka. Ni saa sita na nusu mchana. Saa nane wanafunzi wa uuguzi wanaingia kwa mtihani wa mifupa, na Mwalimu Lukindo, aliyefundisha katika chumba hiki miaka thelathini na kuacha wosia kwamba mifupa yake iendelee kufundisha, amelala mbele yake vipandevipande. Kosa ni la Bi Namsifu mwenyewe. Waya ulikuwa umeshika kutu, akamfungua, akamwosha pingili za uti wa mgongo moja moja kwa brashi na sabuni ya unga, akasugua kwa mapenzi, akasugua mpaka akafuta na namba za wino zilizoonyesha ipi inafuata ipi. Ishirini na mbili amezipanga kwa macho. Mbili zimemshinda. Kila akizitunga, mgongo unapinda hapo katikati na kukataa kusimama, na Dokta Kidawa, mkuu mpya wa idara, amekwisha kusema: asiposimama saa nane, anaingia sandukuni, sanduku linaingia stoo, tunatumia ule mgongo wa plastiki. Stoo! Mtu aliyemfundisha Namsifu kila mfupa anaoujua, akakae stoo na ndoo zilizotoboka. Inamuuma kweli.

Meza inarefuka, basi, inakuwa barabara nyeupe inayopindapinda, naye yuko juu yake bila viatu, na mbele yake anatembea mtu mwenye koti la maabara. Habari za saa hizi, kaka. Mtu anageuka, na hana uso, pale pa uso pamelainika kama kisahani. Namsifu angeogopa, lakini miaka kumi na tisa ya kufuta vumbi kwenye mafuvu imemmalizia woga wote. Natafuta pingili mbili zilizopotea, anasema. Hazijapotea, anajibu asiye na uso, kila moja iko nyumbani kwa mwenzake. Haya, mafumbo tena! Mimi nina mtihani saa nane. Saa nane ya huku hupita mara mbili, anasema yule, twende. Wanaingia mji wa nyumba saba ndogo nyepesi, na mwenye nyumba ya kwanza amebeba tufe kubwa la fuvu utosini, analiinamisha na kuliinua. Pingili zangu ziko hapa, mama? Ndiyo. Au hazipo? Ndiyo. Jirani yake wa pili anazungusha tufe hilohilo kulia na kushoto. Eti huyu mama anasema kweli? Hapana. Anadanganya? Hapana. Namsifu anacheka mpaka anashika mbavu, na kwa kuwa kati ya nyumba na nyumba kuna godoro la gegedu, anarukaruka juu yake kama mtoto aliyeachiwa kitanda cha wageni, huku chini ya barabara kamba nene ya neva inavuma kwa habari zinazopita mbio, kidole gumba kimejikwaa, pokea, peleka juu, haya nimepokea!

Barabara inapinda na huu ni mji mwingine, nyumba kumi na mbili, kila moja ina mikono miwili mirefu inayozunguka kwa mbele kama inayokumbatia, na upande wa kulia ni sawasawa na wa kushoto, hata Namsifu anajiona mwenyewe ng'ambo akitembea na kanga ileile, wanapungiana mkono, wanauliza kwa pamoja, pingili zangu ziko wapi? Mbele kidogo, inajibu nyumba ya kumi na moja, ambayo mikono yake ni mifupi na haimfikii mtu, lakini uliza kwa wachukuzi. Wachukuzi ni watano, wanene, mji wa tatu, wanabeba miji yote miwili ya juu na bado wanataniana. Poleni na mizigo. Ahsante, dada, sisi hatutui mpaka mlale. Nyote ni wa mji huu? Huyo wa juu kabisa ni mgeni, wanasema, kutwa nzima anaulizia mikono yake.

Namsifu anamkimbilia mgeni. Mbona wewe ni mnene kama hawa? Kwa chini nimefanana nao, anajibu mgeni, ndiyo maana ukanidhania, lakini hebu nishike ubavuni. Namsifu anapeleka kidole gumba, na pale, kila upande, kuna kishimo, na ncha ya kidole inatulia ndani yake barabara. Ndipo ubavu unapokaa! Anatazama juu, kwenye nyumba ya kumi na mbili, na kumwona mchukuzi wa watu, ubavu laini hauna hata alama, amekumbatia mikono miwili asiyojua pa kuiweka, ameona haya. Mji mzima unacheka, na Namsifu anacheka nao. Nilipima kwa macho tu, anakiri. Na mimi nilikufundisha nini, anauliza asiye na uso. Kidole kwanza, macho baadaye, anajibu Namsifu, kisha anamgeukia, maana sauti hiyo anaijua. Mwalimu, nimekufuta namba. Namba zilikuwa za wavivu, anasema Mwalimu Lukindo. Rudi, Namsifu. Nimechoka kulala.

Shavu lake lina alama ya ubao. Saa ya ukutani inasema saa saba na dakika ishirini, au labda imesimama, na mikono yake tayari imeshika zile pingili mbili kabla hajaamua kuzishika. Anapapasa kwa kidole gumba. Kishimo kipo. Anabadilisha, anatunga, anakaza waya, anamwinua Mwalimu kwenye mlingoti wake wa chuma, na Mwalimu anasimama, wima, hatikisiki. Namsifu anapiga kigelegele peke yake.

Saa nane mlango unafunguliwa. Binti wa kwanza kuingia anasita mbele ya mifupa, anapiga goti kidogo. Shikamoo, Mwalimu. Wenzake wanaangua kicheko, Dokta Kidawa naye anatabasamu, na Namsifu anafungua mdomo kuwaambia wakae, lakini kutoka kwenye mlingoti anasikia, kwa uwazi kabisa, marahaba wanangu, kaeni, na wote wanakaa. Hakuna anayeshtuka. Namsifu anajifinya mkono, unauma, lakini hata kule mbavu zilimuuma kwa kucheka. Anamtazama Dokta, anatazama mlango, haoni cha kumsaidia kujua kama ameamka au bado amelala. Basi Bi Namsifu, ambaye leo hafanyi mtihani wowote, anavuta kiti na kukaa pamoja nao.