Ufukwe wa Sudi Waitwa Shaurini

Jumatatu moja ya Juni 1997, gari la mahakama mjini Lindi halikuwa na mafuta, kwa hiyo hakimu hakuweza kwenda Sudi kuukagua ufukwe. Stefania, mwanasheria wa serikali kwa miaka kumi na tisa, akauandikia ufukwe hati ya kuitwa shaurini. Bi Mwanaidi aliipeleka maji yalipokupwa, akaikandamiza mchangani kwa jiwe.

Mwanaidi ndiye aliyelalamika. Hoteli ya mwekezaji ilikuwa imeweka geti pale. Mzungu alipita bila kuulizwa. Mweusi aliulizwa risiti ya chumba. Mwanaidi alichokoa pweza hapo tangu usichana wake, na pweza ndiye aliyemlisha. Chumba hakuwa nacho. Stefania akaishtaki hoteli.

Alhamisi saa tatu asubuhi ufukwe ulifika. Uliingia kwa mlango wa mbele na kujaa kwenye mabenchi, na sehemu iliyokosa nafasi ikasubiri barazani. Hakimu Sixbert alikunja suruali. Kaa walikimbizana juu ya mafaili. Pweza mmoja alipanda kizimbani, akabadilika rangi mara nne.

Karani akauliza dini ya shahidi, yaani ufukwe, ili uapishwe.

"Huyu hajawahi kumbagua mtu," Mwanaidi akasema. "Mwandike hivyo hivyo."

Karani akaandika.

Ufukwe ukatandaza nyayo zote za mwaka ule. Za wageni zilinyooka kutoka getini hadi majini. Za watu wa Sudi zilifika getini, zikageuka.

"Ziada, mguu wako huu! Kidole gumba kama kiazi!" mwanamke mmoja wa Sudi akamtania mwenzake.

"Kiazi changu, shoga, kinakuhusu nini?"

Chumba kizima kilicheka, hata askari. Wakili wa hoteli alipinga, akisema nyayo hazina sahihi.

Hakimu alizikagua zote, akasema ameona na ameelewa. Lakini kibali cha hoteli kina mhuri. Geti libaki. Ufukwe urudi Sudi kabla ya maji kujaa.

Mwanaidi aliomba apewe pweza, maadamu ushahidi wake umekwisha. Hakimu hakuwa na pingamizi.

Wiki iliyofuata Stefania alipokea barua kutoka kwa wakubwa wake. Amewatia hofu wawekezaji na kuchafua jengo la serikali. Aombe radhi kwa maandishi ndani ya siku saba.

Alijibu siku hiyo hiyo, nakala tatu:

"Mchanga nimeufagia mwenyewe. Radhi siombi."