Cheti cha Ukutani

Dokta Nasibu alikuwa ameukariri uongo wake wiki mbili nzima nyumbani kwake Ibadakuli, na kufikia asubuhi ile aliweza kuusema bila kigugumizi. Cheti changu kilichukuliwa. Kikatundikwa Runzewe bila idhini yangu. Sikujua. Basi, ni hayo tu. Mtu aliyesomea udaktari miaka mitano, akafanya kazi chini ya uangalizi mwaka mzima bila kulala usingizi wa haja, akala kiapo mbele ya wazazi wake, angeshindwa na maneno hayo machache?

Wajumbe watatu wa Baraza la Madaktari walikuwa wamefika Shinyanga kusikiliza shauri lake. Baraza ndilo lililomsajili, na ndilo lingeweza kumfuta. Akifutwa, hana ruhusa ya kushika hata bomba la sindano, na wanawake waliojaa wodi yake ya uzazi watafute mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na hakujua kazi nyingine yoyote duniani, hata kufuga kuku.

Ukweli nao ulikuwa mfupi. Shemeji yake Swaleh, kaka wa mkewe Amira, alifungua zahanati Runzewe, kule kwa wachimbaji, na zahanati haifunguliwi bila msimamizi aliyesajiliwa. Swaleh, kwa ujanja wake, hakuja kuomba mwenyewe. Alimtuma baba yake. Haya, nani kati yetu amewahi kumkatalia baba mkwe aliyefunga safari, akakaa sebuleni na kanzu yake, akagoma kuonja chai mpaka ajibiwe? Nasibu hakudai hata senti. Alikwenda Runzewe, akagonga msumari kwa mkono wake, akakitundika cheti chenye picha yake pale mapokezi, akaahidi kufika kila mwezi. Alifika mara mbili. Aliyekuwa akitibu watu ni Donatus, jamaa aliyeacha chuo cha utabibu mwaka wa pili. Kisha mtoto mmoja akafia mikononi mwa Donatus, Donatus akatokomea, na Swaleh akakamatwa.

"Shemeji, sema nimekuibia," Swaleh alimwambia kupitia dirisha la mahabusu. "Mimi nimeshazama. Wewe una wagonjwa."

Nasibu alilia, kisha akakubali. Alijiona mtu duni, lakini alikubali.

Mwenyekiti wa wajumbe, Dokta Agnetha, alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Alimsikiliza Nasibu mpaka mwisho, akaandika, akauliza swali moja tu: "Una hakika hukujua?" Nasibu akasema ana hakika. Ndipo akaitwa shahidi, mama wa marehemu.

Barua ya wito ilikuwa imetaja mtoto wa kiume wa miaka mitatu, basi. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa na Mariana akaingia, Nasibu alidhani amekosea chumba. Alimfahamu. Miaka mitatu nyuma, palepale Shinyanga, alimpasua usiku kucha akihangaika kumwokoa yeye na mtoto wake, wote wawili wakiwa wameshakatiwa tamaa.

"Shikamoo, dakitari," Mariana alisema, akapiga goti kidogo.

"Taja jina la marehemu," alisema Dokta Agnetha.

"Nasibu Onesmo. Onesmo ni mume wangu, anachimba. Ukoo ulinuna, sisi Wakristo, jina gani hilo? Nikawaambia, huyu dakitari ndiye aliyemtoa, mtoto atakuwa somo yake."

Akaeleza. Mtoto aliamka na homa, akashikwa na degedege. Majirani wakamwitia bodaboda impeleke hospitali ya wilaya. Njiani walipita pale zahanati, akakumbuka kwamba ndani kuna picha ya daktari wake ukutani. Akamshusha mtoto.

"Yule Donatus akaniambia dakitari yuko njiani. Nikakaa chini ya ile picha. Majirani wakaja, wakaniambia Mariana, twende wilayani, mtoto anaisha. Nikakataa. Niliwaambia, ngoja somo yake afike, huyu hajawahi kunitupa." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Adhuhuri ikafika. Ng'wana wane, mwanangu, akanyamaza."

"Unamlaumu nani, mama?"

"Yule Donatus. Hakumwita. Dakitari angeitwa, angekuja hata kwa miguu. Mimi namjua."

Mjumbe mmoja alimtazama Nasibu kwa huruma. Kalamu ya Dokta Agnetha ikasimama, kisha akasema wapumzike nusu saa, halafu watatoa uamuzi. Ilikuwa dhahiri kwamba shauri limempendelea Nasibu. Leseni yake ilikuwa salama, na iliyoiokoa ni kinywa cha mama huyu.

Nasibu alitoka nje kibarazani. Mariana akamfuata, akasimama kando kwa adabu.

"Dakitari, nimesema vizuri?"

"Mama Nasibu..."

"Maana niliogopa watakufukuza. Nina mwingine, miezi mitano sasa." Akaweka kiganja tumboni. "Waliniambia na huyu atatoka kwa kisu. Onesmo anataka niende kwingine, nikamwambia, sijifungulii kwa mtu mwingine. Nitakukuta wapi? Hapa, au kulekule Runzewe?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kilikuwa kimeshamuumbua Nasibu pale kibarazani, bila shahidi mwingine ila huyu mama na tumbo lake. Aliona aibu kiasi cha kutamani kuvua koti la suti na kulitupa. Aligeuka, akausukuma mlango, akaingia kwa wajumbe waliokuwa wakinywa chai. Mariana akaingia nyuma yake, kwa kuwa alidhani wameitwa.

"Nilijua," Nasibu alisema akiwa bado amesimama. "Sikuibiwa. Nilikitundika mwenyewe, kwa heshima ya baba mkwe, nikijua sitakuwepo. Swaleh ana makosa yake, lakini wizi si wake. Niandikeni hivyo."

Dokta Agnetha akaweka kikombe chini. "Unajua unachokipoteza?"

"Najua."

Akamwambia aketi. Hakuketi, maana Mariana alikuwa amekuja mbele, amesimama baina yake na meza, anamtazama usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwa hiyo siku ile," alisema polepole, "hata ningesubiri mpaka jioni?"

"Nisingekuja, mama."

"Hata mpaka kesho yake?"

"Nisingekuja. Sikuwa najua kama uko pale."

Mariana akatikisa kichwa mara kadhaa. "Majirani waliniambia," akasema. "Bodaboda ilikuwa inanguruma mlangoni, na mimi nikaifukuza."