Firigisi ya Mzee Andati

Nchi hii ina mahali pengi pa kutembelea. Chama cha Historia cha shule yetu kimetembelea Jiwe la Ilesi. Tulipokuwa kidato cha kwanza tulienda Ilesi. Kidato cha pili, baada ya mashauriano marefu, tulienda Ilesi. Kidato cha tatu basi liliharibika, tukaenda Ilesi kwa miguu, maana ni karibu hivyo. Ni jiwe zuri, sina ugomvi nalo. Limekaa juu ya jiwe lingine kama kichwa juu ya shingo, na maji hulitiririka mashavuni, ndiyo sababu watu husema linalia. Lakini mimi naamini siku hizi linatulilia sisi. Linatuona tukija na madaftari yetu, linasema moyoni: maskini, ni hawa tena.

Mlezi wa chama ni Mwalimu Cleophas Osundwa. Amefundisha historia miaka ishirini na sita, na Desemba atastaafu. Mwalimu akifundisha Pwani, hata wanaolala viti vya nyuma huamka. Alitueleza jinsi Wareno walivyozingirwa ndani ya Fort Jesus karibu miaka mitatu, mpaka Mubarak, rafiki yangu wa kutoka Mumias, akafunga kitabu akasema ana kiu. Alitupeleka Gedi, mji wa mawe uliomezwa na msitu, akainama mbele ya ubao ili asigonge kichwa kwenye mlango wa jumba la mfalme. Tulipofika Lamu alibana mabega apite vichochoroni, akasimama kando kumpisha punda. Hapakuwa na punda. Palikuwa na Mitchel tu, dada anayetunza vitabu vya shule, aliyeingia kuuliza chaki.

Mimi naitwa Bravin, na ni mtu wa amani. Nalisema hilo mapema kwa sababu faili iliyo kwa naibu mwalimu mkuu inasema mengine, hasa ukurasa unaohusu kengele ya alfajiri iliyokutwa imevalishwa soksi.

Siku ile ya Fort Jesus niliinua mkono kwa heshima zote.

"Mwalimu, ukishaingia ndani ya ngome, choo kiko upande gani?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuka akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Kipindi kilipoisha aliniambia nimbebee vitabu hadi ofisini, nami nikaanza kuiaga dunia. Lakini alipofika mezani aliketi, akashusha pumzi.

"Bravin, swali lako lilikuwa zuri. Sijui."

"Hujui choo, Mwalimu?"

"Sijui Fort Jesus. Sijawahi kufika. Sijawahi kuiona bahari. Kila mwaka kulikuwa na jambo."

Alifungua droo. Ndani mlikuwa na kofia ya ukili, pana, mpya kabisa, na karatasi ya duka bado imening'inia ukingoni.

"Niliinunua mwaka wa 2009," alisema. "Ni ya jua la baharini." Akaifunga droo polepole. "Usimwambie mtu."

Siri nilizowahi kutunza maishani ni chache. Ile niliitunza.

Sasa, safari zote za shule lazima zikubaliwe na mwenyekiti wa bodi, Mzee Andati, mkulima wa miwa wa Shianda mwenye fimbo nyeusi na suti ya kijivu. Mzee huyu hana neno na Ilesi. Ana neno na bahari. "Mtoto akipotea Ilesi," huwa anasema, "namwona nikiwa barabarani. Akipotea baharini nitasimama wapi nimwone?" Mwaka huu Mwalimu alimwandikia barua tatu. Jibu lilikuja kwa maneno, kupitia mwalimu mkuu: Mzee angekuja Jumamosi kula chakula cha mchana na chama, atusikilize, kisha aamue. Na kama Osundwa anaijua hiyo Pwani kweli, basi huenda watazungumza.

Pale ofisini nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama droo.

Kwa hiyo tuliamua kwamba, kama Mzee hataki kwenda Pwani, Pwani itamjia. Tulijenga Fort Jesus kwa magunia ya mahindi nje ya stoo. Njia nyembamba kati ya stoo na bweni ikawa Lamu, na Mubarak akaazima punda wa kubeba maji anayeitwa Diwani. Gedi haikuhitaji kazi. Kuna bweni jipya ambalo lilianza kujengwa kabla hatujazaliwa, likaishia kwenye madirisha. Tuliweka kibao tu.

Jumamosi Mzee alifika saa tano na nusu. Alipitia Fort Jesus akagonga gunia moja kwa fimbo, akaridhika. Lamu alikutana na Diwani katikati ya njia. Diwani hakusonga. Mzee naye si mtu wa kusonga. Walitazamana kwa muda.

"Hata huko Lamu punda hukaa hivi?" aliuliza Mzee.

"Hata zaidi, Mzee," nikasema.

Mwishowe tuliipita Lamu kwa kuzunguka nyuma ya jikoni. Tulipofika Gedi, Mzee alisoma kibao, akatazama kuta zilizoota nyasi.

"Hili si lile bweni jipya?"

"Hapana, Mzee. Haya ni magofu," nilijibu.

Mwalimu mkuu alikohoa. Mubarak, ambaye Mungu amempa ulimi wa kuokoa watu, akaingilia kati.

"Mzee, mababu zetu upande wa mama walikuja na misafara kutoka Pwani mpaka Mumias kwa Mfalme Nabongo. Kwa miguu, Mzee! Miezi! Wakiwa na mizigo! Sisi tutashindwa kurudi kwa basi?"

"Hao walikuwa watu wazima," alisema Mzee, lakini niliona amelipenda neno. Akamgeukia Mwalimu. "Osundwa. Ukiwa kule, sehemu gani inakupendezanga zaidi?"

Mwalimu aliinama akaanza kunyoosha kibao cha Gedi ambacho hakikuwa kimepinda. Hapo ndipo Mama Awinja, mpishi wetu, alipoita kwamba chakula kiko tayari, nami nikampenda kuliko siku zote.

Upendo huo haukunizuia kufanya nilichokuwa nimepanga.

Kwetu, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ni ya mgeni mkuu. Haijadiliwi. Mama anayepakua ingokho, kuku wa wageni, bila firigisi ataulizwa na mume, na mashemeji, na pengine kikao. Kuku huyu alichinjwa na Mubarak ili sote tule bila wasiwasi, na Mama Awinja aliweka firigisi juu ya sahani ya Mzee, ikang'aa kama kifungo cha koti. Mimi ndiye niliyejitolea kubeba sahani.

"Wewe Bravin unajitoleanga lini?" Mama Awinja aliuliza.

"Nimebadilika, Mama."

Nilitaka kujua jambo moja tu la kisayansi: mzee mwenye heshima ataitafuta firigisi kwa muda gani kabla ya kuuliza? Hivyo njiani niliiondoa. Na kwa kuwa lazima iwe mahali, niliizika chini ya obusuma, ule ugali wa Mwalimu Osundwa, kwa sababu Mwalimu hula akizungumza na hatazami sahani. Ningeirudisha baadaye. Huo ndio uliokuwa mpango.

Sala ilisomwa. Mzee alinawa, akaitazama sahani yake. Akainua bawa, akatazama chini yake. Akageuza shingo. Akapitisha kidole kwenye mchuzi. Akatazama dirishani, kama kwamba firigisi imetoka nje kupunga upepo. Lakini hakuuliza. Mtu wa cheo chake haulizi. Nami nilikuwa nahesabu dakika, nimeuma shavu kwa ndani.

Bahati mbaya, siku hiyo Mwalimu hakuzungumza. Alikuwa na mawazo. Alimega obusuma kimya, na chini yake firigisi ikajitokeza mbele ya watu wote.

Mlangoni Mama Awinja alishika kichwa.

"Mimi niliweka kwa sahani ya Mzee! Jameni! Miaka yote hii sijawahi kupoteza imondo ya mgeni!"

Mwalimu aliinuka, sahani mikononi. "Mwenyekiti, sijui imefikaje huku. Ni yako."

"Mimi silangi firigisi iliyopitia sahani ya mtu mwingine," alisema Mzee. Akaivuta fimbo yake kutoka kwenye kiti. Akasimama. "Asanteni kwa chakula. Ilesi ni mahali pazuri."

Nilimwona Mwalimu akikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua siku nyingi. Nikaiona ile kofia ndani ya droo, na karatasi yake ya duka. Miguu yangu ikasimama kabla sijaishauri.

"Ni mimi, Mzee."

"Wewe ni nani?"

"Bravin. Mimi ndiye niliyeiondoa. Mama Awinja hana kosa, na Mwalimu hakujua."

"Kwa nini?"

Nina uongo wa akiba kwa hali kama hizi. Wote ulinikimbia.

"Nilitaka kuona utaitafuta kwa muda gani."

Mubarak alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi, akanywa maji, yakampalia.

"Na umeona?" aliuliza Mzee.

"Dakika nne, Mzee."

Mzee alinitazama vile alivyomtazama Diwani. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Osundwa. Huyu ndiye unayetaka kumpeleka baharini?"

"Hasa huyu," alisema Mwalimu. "Tukimwacha hapa, tutarudi tukute shule haipo."

"Na wewe mwenyewe unaijua bahari?"

"Anaijua sana!" nilidakia. "Anaijua mpaka—"

Mwalimu aliinua mkono, nikanyamaza. "Siijui, Mwenyekiti. Nimeifundisha miaka ishirini na sita na sijawahi kuiona hata siku moja. Kofia yake tu ndiyo ninayo."

Mzee aliirudisha fimbo yake kwenye kiti. Kisha akaketi tena, akavuta sahani ya Mwalimu, akachukua kisu, akaikata firigisi vipande viwili.

"Mimi niliiona," alisema. "Mwaka wa 1986, wakulima wa miwa tulipelekwa ziara. Nilisimama kwa maji kidogo tu, mpaka hapa." Aligusa muundi wa mguu wake. "Ikaja. Ikanivua kiatu cha kushoto, ikaenda nacho. Nilirudi Shianda na kiatu kimoja. Mke wangu akaniuliza kile kingine nimemwachia nani."

"Ndiyo maana unaiogopa, Mzee?" aliuliza Mubarak.

"Nani anaiogopa? Nimeikasirikia."

Akasukuma kipande kimoja upande wa Mwalimu, akala cha kwake, akatafuna bila haraka.

"Kwetu, aliyepewa firigisi ndiye mwenye neno. Imelala kwa sahani yako, iwe ni kwa ujinga wa mtoto au si kwa ujinga. Sema basi."

"Mombasa," alisema Mwalimu, sauti ndogo. Akameza. "Fort Jesus. Halafu Gedi. Halafu ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi. Na kama siku zitatosha, Lamu."

"Lamu hapana. Punda nimeshaona." Mzee alipangusa vidole. "Mtaenda Agosti, na mimi nitakuja, kwa sababu hapa anayeijua bahari ni mimi peke yangu. Huyu Bravin atakuwa ufukweni, amenishikia viatu. Vyote viwili. Asiingie majini mpaka nimetoka."

"Na ukikaa sana, Mzee?" niliuliza.

"Utahesabu dakika. Si ndiyo kazi yako?"

Jumatatu Mwalimu aliingia darasani na kofia kichwani. Mitchel alikuwa mlangoni tena kwa ajili ya chaki. Mwalimu alimwomba mkasi, akaikata ile karatasi ya duka, akaiweka mfukoni mwa shati. Kisha akatuambia tufungue ukurasa wa Fort Jesus. Niliinua mkono.

"Mwalimu, choo kiko upande gani?"

"Nitakujibu Agosti," alisema, akaanza kuandika ubaoni bila kuivua kofia.