Chuo cha Mpakani

Alikuwepo fundi mmoja wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, mkono wake mzuri kweli, ila shule aliikimbia mapema. Huyu fundi alikuwa na binti mmoja, king'ang'anizi kama yeye. Mtaani jina lake halisi walishalisahau, walimwita Dokta tangu ana miaka kumi, maana hakuwa mtu wa kuona kuku anachechemea akapita zake. Atamkamata, atamfunga kitambaa, kuku mwenyewe hataki. Na jina la mtaani ukishabandikwa ndiyo basi tena, unalibeba.

Shida ikaja kwenye alama. Dokta alipata sitini na mbili. Si mbaya, si nzuri, ni zile alama za kukusimamisha mlangoni, mguu mmoja ndani mwingine nje. Mwaka wa kwanza akaomba udaktari kwenye chuo kikubwa cha mjini, wakamkataa. Mwaka wa pili akaomba hapo hapo kwa ubishi, wakamkataa tena, safari hii hata barua haikuwa na pole. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na alama za mtihani zinahesabika miaka mitatu tu. Baada ya hapo cheti chako ni karatasi ya kufungia misumari. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au asahau.

Fomu inataka chuo kimoja. Kimoja tu, na ukishatuma unaruhusiwa kubadilisha mara moja, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Basi Jumatatu wakakaa watatu, baba, mama na mtoto. Mama mtu ni fundi cherehani, na anavyokata kitambaa ndivyo anavyokata maneno.

"Achana na kile cha mjini, andika chuo cha Kilimani," akasema. "Mwaka jana wa mwisho kuingia alikuwa na sitini na tatu. Si mbali na wewe. Ukishaandika, kaa hapo hapo, usianze kurukaruka kama panzi. Na wewe, baba Dokta, usimvuruge mtoto."

"Mimi nimesema nini sasa?"

"Bado hujasema. Ndiyo nakuwahi."

Dokta akaandika Kilimani, akatuma.

Ijumaa mchana akarudi steshenari kutazama mambo yanaendaje, na fundi akamsindikiza. Kumsindikiza tu, alisema. Steshenari yenyewe chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kopi inayotafuna karatasi, na benchi nje limejaa vijana walioshika tama. Mwenye duka alikuwa mwalimu, akastaafu, na mpaka leo wanamwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," Dokta akasema.

"Marahaba. Karibu wodini kwangu. Wagonjwa wenzio hao kwenye benchi."

Akawageuzia kioo cha kompyuta. Kila chuo kimeandikwa nafasi zake, na walioomba mpaka dakika hiyo. Kilimani nafasi hamsini, walioomba mia tatu na kumi. Fundi maneno humsumbua, lakini namba ndizo zinazomlisha. Akagusa kioo kwa kidole.

"Na hiyo ya chini kabisa?"

"Hiyo Mpakani. Nafasi hamsini, walioomba sitini na wanane. Mbali huko, umeme wa kubahatisha, maktaba kama jiko langu. Lakini udaktari wake ni udaktari." Mwalimu akainama, sauti akaishusha. "Angekuwa wangu huyu, ningemhamisha sasa hivi. Lakini iwe siri yetu."

Fundi akamvuta binti yake pembeni, karibu na mashine ya kopi.

"Hama."

"Baba, namba hizi kila mtu anaziona."

"Watu wanatazama, mwanangu, hawaoni."

"Mama alisema tukae."

"Mama yako hayupo hapa. Mia tatu kwa hamsini, hata mimi niliyeruka dirisha la shule najua hapo mtu anakanyagwa."

"Na wakihama wote kwenda huko Mpakani?"

"Watahama saa ngapi? Imebaki saa moja." Halafu akasema lile ambalo baadaye lilimkosesha hamu ya kula. "Sijawahi kukuchagulia kitu. Leo nisikilize."

Dokta alikuwa mtoto aliyelelewa, basi akakaa kwenye kiti, akafuta Kilimani, akaandika Mpakani, akatuma. Saa tisa na dakika tano.

Wakatoka, wakapata nafasi mwisho wa benchi. Fundi kifua mbele, kama ametoka kufunga geti la benki. Akawa anasikiliza tu, mlango uko wazi. Mwenzao aliyeingia baada yao akaguna mbele ya kioo, na Mwalimu sauti ikashuka: "Lakini iwe siri yetu." Akatoka huyo, akaingia mwingine. "Iwe siri yetu." Wa tatu. Wa nne.

Fundi akainuka, akarudi ndani.

"Mwalimu, hiyo siri umewapa wangapi?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Fundi, wote wanakuja hapa macho mekundu. Nimwonee huruma mmoja, mwenzake nimwache?"

Hakuwa mtu mbaya. Na Mwalimu ni mmoja, steshenari ziko ngapi nchi nzima? Saa kumi kasoro dakika tano Mpakani waliandikwa mia nne na kumi na mmoja. Kilimani wamebaki tisini na saba. Dokta alisimama mbele ya kioo, nafasi ya kubadilisha hana tena. Saa kumi kompyuta ikafunga yenyewe.

Wiki tatu baadaye majibu yakatoka. Wa mwisho kuingia Mpakani alikuwa na sabini. Wa mwisho kuingia Kilimani alikuwa na hamsini na nane.

Dokta akaenda karakana mwenyewe. Fundi alikuwa kapiga magoti anaunga bawaba, akazima mashine, akavua miwani. Binti akamwambia zote mbili, ya sabini na ya hamsini na nane, bila kupandisha sauti.

"Nigombeze," fundi akasema.

"Nikugombeze nini, baba? Ni mimi nilibonyeza." Akaokota kipande cha chuma chini, akakirudisha. "Mama atauliza. Nitamwambia nilihama mwenyewe, na wewe ulinikataza."

"Mimi mama yako siwezi kumdanganya."

"Huna haja ya kusema kitu. Mimi ndiyo nimeshakosa. Sitaki na nyinyi mkosane, halafu niwe nawatazama kila siku."

Nyumbani mama alipoyasikia majibu, akasimamisha cherehani.

"Nani alikwambia uhame?" mama akauliza.

"Hakuna. Kichwa changu."

"Na baba yako alikuwa wapi?"

"Alinikataza, sikumsikia."

Mama akamgeukia mumewe. "Kweli?"

Fundi akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamefika mpaka kwenye meno, kuyatema tu. Akamtazama binti yake, kisha mkewe, na kichwa chake kikaitikia chenyewe.

Hapo mama akaanza. Ujeuri, kiburi, miaka mitatu imekwenda na maji, na baba wa watu alivyomsihi. Dokta alisimama katikati ya chumba mikono nyuma, anapokea moja moja, anasema ndiyo mama, ndiyo mama. Fundi akabaki kwenye kiti anatazama viganja vyake, akamsikiliza mwanawe akisemwa kwa kosa la baba yake, mpaka mama alipochoka.