Ukurasa wa Sitini na Mbili

Baba yangu, Mageni, alipoteza macho asubuhi ya Jumanne, ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, karibu na Kharumwa. Baruti iliyokuwa imegoma kulipuka ililipuka wakati yeye ameinama juu ya mwamba. Wenzake wawili walimtoa kwa kamba. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikiishi kwa bibi Kishapu, na habari zilinifikia kama zinavyowafikia watoto: watu wazima walinyamaza nilipoingia ndani.

Kabla ya siku ile baba alikuwa msomaji wa ajabu. Wachimbaji wenzake walimwita Magazeti, kwa sababu hata karatasi iliyofungiwa maandazi aliikunjua akaisoma mpaka mwisho. Siku alipoumia alikuwa katikati ya kitabu. Alikipata kwa dereva wa lori pale Isaka, kikiwa hakina jalada wala kurasa mbili za mwanzo, hivyo hakuna aliyejua kinaitwaje. Kilimhusu karani wa stesheni ndogo ya reli aliyeletewa kifurushi kisicho na mwenyewe. Baba alikuwa amefika ukurasa wa sitini na moja na kuukunja pembe.

Aliporudi kutoka hospitali alikaa akiwa ameelekea ukuta. Hakula, hakutaka kuongea na mtu. Siku ya nne akamwambia mama, "Mama Apolonia, nimalizie kile kitabu."

Na mama akamsomea. Alimsomea kila jioni kabla jua halijazama, masika yote, taratibu sana, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Baba akaanza kula. Akajifunza kusokota kamba za katani, ndiyo kazi iliyotulea. Niliporudi kuishi nao nilikuwa najua kusoma, nikawa namsomea magazeti na Biblia, lakini kile kitabu hakunipa kamwe. "Kile kilishasomwa," alisema. "Kilisomwa vizuri."

Badala yake alinisimulia yeye. Karani haufungui mzigo. Anaubeba kichwani akatembea nchi kavu, nyumba kwa nyumba, akimtafuta mwenyewe. Anapita palipokauka visima, analala kwa wafugaji, anachekwa, anaugua. Mwishoni anampata bibi kizee mmoja, anamkabidhi. Bibi anaukalia mzigo wake kama kigoda bila kuufungua, na karani anapomuuliza kwa nini, anajibu: "Vilivyomo sivihitaji. Nilitaka kujua kama yuko mtu atakayenitafuta."

Baba alisema sentensi ile ndiyo iliyomtoa ukutani. Aliisema polepole kila mara, kama mtu anayepitisha mkono kwenye kitambaa kizuri.

Sasa mimi nina miaka ishirini na mmoja, nafanya kazi ya kuandikisha makontena bandari kavu ya Isaka. Mwezi wa sita mwaka huu nilipata likizo ya wiki moja. Nikaenda nyumbani na simu niliyoiandaa kwa ajili ya baba. Inasema kwa sauti kila unachokigusa, na ina programu ambayo ukiielekeza kwenye maandishi inapiga picha na kuyasoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini? Nasikia mfuko."

Nilimpa simu mkononi, nikachukua boksi la sabuni, nikaliweka mezani, nikamwelekeza mkono. Simu ikakaa kimya kidogo, halafu sauti ya mwanamke ikasema, ikikanyaga kila silabi: "Sabuni ya kufulia. Weka mbali na watoto."

Baba aliinua uso. "Nani huyo?"

"Ni simu, baba. Imesoma boksi."

"Imeambiwa na nani kwamba ni sabuni?"

"Hakuna aliyeiambia. Imeona maandishi."

Alilipapasa boksi pande zote, akaligeuza, akaielekeza simu tena mwenyewe. Ikasoma upande mwingine, uzito na namna ya kutumia. Akacheka kicheko kifupi cha kushtuka, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha akasimama.

Siku ile alisoma nyumba nzima. Alisoma kalenda ya kanisa ukutani, gunia la mbolea, chupa ya dawa ya mbuzi, mfuko wa saruji uliotumika kuzibia dirisha la jiko. "Hifadhi mahali pakavu," simu ikasema, na baba akarudia kwa sauti, "Hifadhi mahali pakavu! Mama Apolonia, umesikia? Miaka yote hii dirishani pameandikwa!" Akatoka nje. Nilimfuata hadi kwenye maduka, na pale akasimama katikati ya njia ameinua simu, ikimsomea mabango ya vinyozi na wauza vocha, matangazo ya mikutano ya hadhara, na maneno yaliyochorwa nyuma ya pikipiki. Wachimbaji wenye vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe, waliacha chai wakaja kumzunguka. Mmoja wao, Nasibu, aliyekuwa amemtoa kwa kamba siku ile, akanyoosha kitambulisho chake cha mpiga kura.

"Nisome mimi, Magazeti."

Baba akakishika, kiwiko ubavuni, simu usawa wa kidevu. Simu ikataja jina la Nasibu, la baba yake, na tarehe aliyozaliwa. Nasibu alifuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Nilidhani yameondoka," aliniambia tulipokuwa tunarudi. "Maandishi. Nilidhani dunia imeyafuta. Kumbe yalikuwepo tu, yananisubiri kila mahali."

Nilikuwa nimeiona programu ile ikifanya kazi mara mia, na bado nilitembea nyuma yake nikiwa nimepigwa na bumbuwazi, kana kwamba mimi ndiye niliyeonyeshwa kitu kipya.

Tulipofika nyumbani akasema, "Leteni kile kitabu."

Mama yangu, Limi, alikuwa anaanika michembe, viazi alivyovikata vipande, juu ya jamvi. Mikono yake ikasimama. "Nadhani kililiwa na mchwa," akasema.

"Kiko kwenye sanduku la bati, chini ya blanketi. Huwa nakigusa."

Nilikileta. Baba alipapasa pembe iliyokunjwa, akakilaza mezani, akaweka kiwiko ili simu itulie juu yake. Simu ikasoma ukurasa wa sitini na moja, na midomo yake ikawa inatangulia maneno, anayakumbuka yote. Akafungua sitini na mbili.

"Karani akachukua kisu," simu ikasema, "akakata uzi, akakifungua kile kifurushi. Ndani mlikuwa na mashati sita."

Baba akakunja uso. "Apolonia, inakosea."

Niliinama nikausoma ukurasa kwa macho yangu. Haikukosea hata neno moja. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amenyanyuka, anaelekea kwenye zizi la mbuzi, ingawa mbuzi walikuwa bado malishoni.

Baba aliniomba visikizio, akavivaa, akaendelea. Alisoma hadi giza lilipoingia, akaamka akasoma tena siku ya pili, akifunua ukurasa, akiweka kiwiko, akifunua. Aliijua ile sauti sasa, akaiongeza mwendo mpaka mimi nilipoisikiliza sikuambulia kitu. Uso wake haukuonyesha chochote.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anakoroga ugali bila kuutazama.

"Mama, ulisoma hadi darasa la ngapi?"

"La pili," akasema. "Babu yako alinitoa nikachunge. Herufi nazijua, lakini kuziunganisha ni kazi. Neno moja refu lingenichukua jioni nzima."

"Sasa ulikuwa unamsomea nini?"

"Nilikuwa nafunua kurasa asikie karatasi. Maneno yalikuja."

"Yalitoka wapi?"

"Ningejuaje?" Akaupiga mwiko pembeni ya sufuria. "Mtu amekaa kwa ukuta, hali chochote. Anasema nisomee. Ningemwambia sijui? Siku ya kwanza nilifikiri nitasema machache, akishaanza kula niache. Kila jioni akawa ananingoja. Mchana nikilima nikawa nafikiria, leo huyu karani nitampeleka wapi? Nikampitisha njia zote nilizochungia ng'ombe." Sauti yake ikashuka. "Sasa simu imemwambia mimi ni mwongo."

Siku ya tatu, mchana, baba alivua visikizio akavikunja vizuri juu ya kitabu.

"Mama Apolonia. Njoo ukae."

Mama alikuja akakaa ukingoni mwa kiti, mikono kwenye kanga, kama aliyeitwa barazani kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Nimemaliza," baba akasema. "Karani anavaa shati moja, anakamatwa. Anafungwa miezi sita. Kitabu kinaishia hapo, anatoka gerezani anapanda treni."

"Nisamehe, Baba Apolonia."

"Subiri. Nimemtafuta yule bibi. Nilidhani labda yuko mbele, nikasoma mbele. Nikadhani nimeruka, nikarudi. Nimepita kila ukurasa, hayumo. Visima vilivyokauka havimo. Wale wafugaji waliomcheka hawamo." Akanyoosha mkono mezani, ukatafuta mpaka ukaupata wa mama. "Ile sentensi yake iko wapi?"

"Haipo popote," mama akasema. "Niliisema siku ile tu. Nilikuwa nakutazama, ikaja."

Nilisikia karasha likisaga mawe ng'ambo ya korongo, na kuku chini ya meza. Niliogopa. Halafu niliona kwamba uso wake una ile hali niliyoiona siku ya boksi la sabuni, ila mara hii hakucheka.

"Yaani nilikuwa nimekaa na mwenye kitabu," akasema taratibu. "Miaka kumi na minne nalala naye, nakula ugali wake, namwambia kila mgeni juu ya kitabu chake, na simjui."

"Sikuandika kitu mimi. Ni maneno ya mdomoni."

"Mimi nimesoma vitabu vingi, Limi." Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. "Hicho nilichokimaliza ni kitabu cha kawaida. Chako ndicho kilichoniweka hai. Unaniomba msamaha wa nini?"

Mama alianza kulia, akauficha uso kwenye kanga. Baba hakuuachia mkono wake. Baada ya kitambo akanigeukia.

"Apolonia, hii simu inasoma kilichoandikwa. Je, inaweza kuandika kilichosemwa?"

Nilisema inaweza. Nilifungua sehemu ya kuandika, nikabonyeza alama ya kipaza sauti, nikaisogeza mbele ya mama. Akarudi nyuma kama amewekewa nyoka.

"Sema tu, mama. Anzia unapotaka."

"Niseme nini mbele ya kidude hiki?"

"Usikiangalie," baba akasema. "Niambie mimi. Karani hakuchukua kisu. Alifanya nini?"

Mama akafumba macho. Alipoanza, sauti yake ilibadilika. Haikuwa sauti ya kuita mbuzi wala ya kupatana bei sokoni. Ilikuwa ya chini na yenye uhakika, na ilikwenda bila haraka. Kwenye kioo maneno yakaanza kuchomoza moja baada ya jingine, kama chipukizi baada ya mvua ya kwanza. Simu haikuzoea matamshi yetu sisi Wasukuma, ikaandika "kalani" na "leli", na mara moja ikageuza zizi kuwa zezi. Lakini yalikuja. Karani akaweka mzigo kichwani, akafunga mlango wa stesheni, akashika njia ya upande yanakolala mawingu.

Aliponyamaza nilimwonyesha kioo. Alikitazama kwa muda. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikitikisika.

"Ka... la... ni." Akanitazama. "Ni mimi niliyesema hivi?"

"Ni wewe."

Kidole kikasogea. Sijawahi kumwona mtu akisoma namna ile. Alikuwa analijua kila neno kabla hajalifikia, kwa hiyo hakuliogopa. Alikuwa anaenda tu kulikuta. Mstari wa tatu hakuhitaji kukata silabi. Mwanamke aliyetolewa darasa la pili akachunge alisoma ukurasa mzima pale mezani, ukurasa wake mwenyewe, na baba akamsikiliza amefumba macho yasiyoona, akikubali kwa kichwa.

Likizo yangu ilipoisha niliwaachia simu ile. Sasa ni mwezi wa kumi. Mama anasema sehemu mbili kwa wiki, simu ikiwa imechajiwa kwa sola. Baba anaamuru isome, anamwambia palipokosewa, wanarekebisha, kisha wananitumia. Wanagombana pia. Juzi baba alinipigia kulalamika kwamba mama amemuua punda wa wafugaji ambaye zamani alipona, na mama akasikika kwa nyuma akisema punda ni wake. Jumapili iliyopita mama alisimama kanisani akasoma tangazo la akina mama kutoka kwenye karatasi, maneno asiyoyatunga yeye, na baba anasema alikwama mara mbili tu.

Niliituma sehemu ya kwanza kwenye kundi la simu la madereva tunaowahudumia hapa bandarini, na sasa natuma nyingine kila Alhamisi. Sikuwaambia ni ya nani. Wapo wanaoisoma wakisubiri kupakia, na wapo wanaoiacha simu iwasomee barabarani kuelekea Rusumo. Leo mchana dereva mmoja, Abel, alikuja dirishani kwangu kabla hajakabidhi hata karatasi za mzigo.

"Dada, yule karani," akasema, "amepata maji?"

Nikamwambia asubiri Alhamisi.